Phở, bún chả au samaki wa chunguni: uanze na kipi jikoni kwako?

Mtu akishaonja chakula cha Kivietnam mahali fulani, iwe Dubai, iwe Nairobi, iwe kwa jirani aliyesoma Hanoi, akirudi nyumbani na hamu ya kukipika mwenyewe, cha kwanza kumjia kichwani ni phở. Haishangazi, maana hakuna chakula cha nchi ile kinachojulikana zaidi. Ila phở ndiyo ambayo Wavietnam wengi hawajisumbui kuipika nyumbani. Huifuata kwa mpishi wa barazani, asubuhi, kama sisi tunavyofuata supu na chapati kabla ya kazi. Nani akeshe na mifupa wakati mtaani yupo aliyekwisha kukesha nayo?

Kwa hiyo ukiniuliza uanze na kipi, nami nitakuuliza: unataka chakula chao cha mgahawani, au kile wanachokula majumbani mwao? Hapa naviweka vitatu. Kuna phở ya ng'ombe. Kuna bún chả, yaani nyama ya kuchoma kwa tambi za mchele na majani, chakula cha mchana cha Hanoi. Halafu kuna mlo wa wali wa kusini: samaki wa chunguni, cá kho tộ, na supu chachu ya ukwaju, canh chua, vikiandaliwa pamoja. Msimamo wangu nausema mapema: huo wa tatu ndio wa kuanza nao, hasa kama jiko lako liko pwani au kando ya ziwa. Hata hivyo wapo watu ambao ningewaelekeza moja kwa moja kwenye mkaa wa bún chả, na wapo ambao hawatatulia mpaka waione phở yao wenyewe. Nitajaribu kumtendea kila mmoja haki.

Kabla ya yote, chupa moja

Vyote vitatu vinasimama juu ya nước mắm. Ni maji ya kahawia yanayovuja kwenye mapipa makubwa ya mbao ambamo samaki wadogo na chumvi hupangwa, takriban sehemu tatu za samaki kwa moja ya chumvi, vikaachwa mwaka mzima au zaidi. Samaki wenyewe kwa Kivietnam ni cá cơm, yaani "samaki wali". Mzanzibari atacheka akisikia hivyo, kwa sababu ni ukoo uleule wa dagaa tunaowaita dagaa mchele. Watu wa pwani mbili zilizo mbali wametazama samaki wa aina moja, wote wakaona punje za mchele.

Maarufu kuliko zote ni ile ya kisiwa cha Phú Quốc, ambayo jina lake lililindwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2012, na ile ya Phan Thiết. Ukishika chupa dukani, soma lebo. Kinachotakiwa ni samaki na chumvi. Sukari kidogo inasameheka, lakini ukikuta maji yametajwa kwanza na samaki wako mkiani, irudishe. Chupa nyingi zina namba ikifuatwa na herufi N, kipimo cha naitrojeni inayotokana na protini ya samaki. Ya 30 inatosha kupikia. Ya 40 iweke kwa kuchovyea. Harufu yake ikiwa mbichi ni kali, sikufichi, ila aliyekulia nyumba inayopika papa mkavu hatakimbia. Ikiingia kwenye chungu cha moto hubadilika, hubaki utamu wa kina ambao chumvi peke yake haiutoi.

Sosi ya soya si badala yake. Wabudha wa Vietnam huitumia siku za kutokula nyama, siku ya kwanza na ya kumi na tano ya kila mwezi kwa kalenda ya mwandamo, na kwa asiyekula samaki hiyo ni njia halali kabisa ya Kivietnam. Lakini basi ujue unapika chakula kingine.

Wanaoishi Muscat, Dubai, London au Minnesota hawana shida ya kuipata. Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi huuzwa kwenye maduka ya vyakula vya Kiasia na supamaketi kubwa, na chupa moja hukaa miezi kabatini bila kuharibika.

Phở: supu inayotaka siku yako yote

Phở ilizaliwa kaskazini, pande za Nam Định na Hanoi, mwanzoni mwa karne ya 20. Zamani ng'ombe kule alikuwa wa kulima zaidi kuliko wa kuliwa. Utawala wa Wafaransa ulipandisha ulaji wa nyama yake, na mifupa ikapata wapishi waliojua la kuifanya. Mwaka 1954 nchi ilipogawanywa, mamia ya maelfu ya watu wa kaskazini walihamia kusini na bakuli lao. Huko Saigon likabadilika tabia. Leo ukisema "phở halisi" lazima uulizwe ya wapi. Ya Hanoi ni kavu kwa mapambo: mchuzi mweupe safi, nyama, majani ya vitunguu, pengine siki ya kitunguu saumu na andazi refu la kukaanga, quẩy, la kuchovya. Ya Saigon huletwa na sahani nzima ya pembeni: chipukizi za choroko, mrehani, ndimu, pilipili mbichi, na sosi nyeusi tamu. Mimi niko upande wa Hanoi, ingawa najua nikisema hivyo mbele ya mtu wa Saigon sitaalikwa tena.

Kazi yenyewe iko hivi. Chukua kilo mbili hadi tatu za mifupa ya ng'ombe, uchanganye ya uboho na ya viungio, pamoja na kipande cha kidari. Ichemshe dakika kumi, umwage maji yote, uoshe mifupa moja moja kwa maji baridi. Hapa ndipo wengi hukata kona, halafu wanashangaa kwa nini mchuzi wao una rangi ya maji ya mafuriko. Irudishe sufuriani na lita tano au sita za maji. Wakati huo weka tangawizi nzima na vitunguu maji viwili juu ya mkaa au moto wa gesi, uvibabue mpaka ngozi iwe nyeusi, ukwangue weusi, uvitumbukize. Moto uwe mdogo kabisa, maji yatokote kwa uvivu, na usifunike sufuria yote. Engua povu. Kidari kitoe kikishaiva, kama saa moja na nusu au mbili. Mifupa iendelee hadi saa sita au zaidi.

Kwenye viungo ndiko sisi wa pwani tunakoteleza. Vinavyotakiwa ni mdalasini, karafuu, iliki nyeusi ile kubwa yenye harufu ya moshi, mbegu za giligilani, na hoa hồi, kile kiungo cha kahawia chenye umbo la nyota ambacho kwao hulimwa sana Lạng Sơn, mpakani na China. Ukitoa hiyo nyota, hii ni orodha ya pilau karibu kamili. Mkono uliozoea pilau hauna huruma na karafuu. Sufuria yangu ya kwanza ya phở ilinuka kama harusi ya Tanga. Supu ilikuwa nzuri, tuliinywa yote, lakini haikuwa phở. Kwa lita tano tumia nyota nne au tano, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu tatu, iliki nyeusi moja, kijiko kimoja cha giligilani. Vikaange bila mafuta mpaka vinukie, uvifunge kitambaani, uviingize saa ya mwisho tu. Harufu inapaswa kukufikia ukiinama juu ya bakuli. Ikikupokea mlangoni, imezidi.

Mwisho unatia nước mắm na kipande kidogo cha sukari ya mawe. Wauzaji wengi wa Hanoi huongeza pia mì chính, ile chumvi nyeupe ya kukoleza ladha, bila kuona haya, kwa hiyo ukiwa na kijiko chake kabatini usijione mwizi. Tambi ni za mchele, bapa, zinaitwa bánh phở. Loweka, chovya kwenye maji yanayochemka sekunde chache, weka bakulini. Juu yake panga vipande vya kidari na, ukipenda, nyama mbichi iliyokatwa nyembamba kama karatasi, ambayo mchuzi unaomiminwa ukichemka ndio utakaoipika. Nyama hiyo iweke kwenye friza nusu saa kabla, ndipo kisu kitakutii. Kwa soko letu ambako nyama ni ya leo asubuhi na bado ngumu, mimi huacha hiyo mbichi na kubaki na kidari.

Jumla ni siku nzima nyumbani, gesi nyingi, na chakula cha watu sita au wanane, maana kuipika kwa watu wawili ni kujitesa. Ni kazi ya Jumapili. Ila mchuzi hugandishwa vizuri, na hilo ndilo linaloiokoa.

Bún chả: kazi ya jiko la mkaa

Hanoi saa sita mchana, moshi wa nguruwe unatoka kila kichochoro. Bún chả ndiyo aliyokula Barack Obama mwezi Mei 2016 na mpishi Anthony Bourdain, kwenye viti vya plastiki, na bila shaka tangu siku ile wageni wanaoiulizia wameongezeka. Kuielewa ni rahisi: vinofu vya nguruwe vya kusaga na vipande vyembamba vya nyama ya tumbo, vyote vikichomwa juu ya mkaa, kisha vikatumbukizwa kwenye bakuli la mchuzi mwepesi wa uvuguvugu, wenye vipande vya papai bichi na karoti. Pembeni kuna tambi nyembamba za mchele, bún, na rundo la majani. Unachota tambi kidogo, unachovya, unaongeza jani, unakula.

Kwa Mtanzania anayekula kitimoto huu ni upishi wa kuzaliwa nao. Jiko lipo, mkaa upo, mkono wa kugeuza mishkaki upo. Nusu kilo ya kima yenye mafuta ya kutosha, na nusu kilo ya nyama ya tumbo. Tia vitunguu vidogo vilivyosagwa, kitunguu saumu, nước mắm vijiko vitatu vya chakula, sukari kijiko kimoja na nusu, pilipili manga, na kijiko cha sukari iliyounguzwa kwa rangi. Iache saa moja. Tengeneza vidonge vidogo bapa, uvibane kati ya nyavu mbili, uchome juu ya makaa yaliyokwisha kushika majivu meupe. Mafuta yadondoke, moshi upande, nyama ishike weusi kingoni. Ukichoma kwenye oveni utapata nyama nzuri ya kuoka. Ule moshi ulioufuata hautakuwepo.

Mchuzi ndio moyo wake, na kipimo chake kikae kichwani mwako kwa sababu utakitumia kwa mambo mengi: nước mắm moja, ndimu au siki moja, sukari moja, maji ya moto matano. Kisha kitunguu saumu na pilipili vilivyokatwa vidogovidogo. Wengi wetu tukionja mara ya kwanza tunasema ni maji mno. Uache hivyo hivyo, kwani huu si wa kupaka, ni wa kuogelea nyama, na mwishoni watu huunywa. Papai bichi na karoti vikate vyembamba, uvikamue kwa chumvi na siki robo saa kabla.

Majani ya kule ni mengi na mengine hatuna. Saladi, nanaa, kotmiri (Mkenya asome dania) na mrehani vinatosha kabisa. Nilishangaa mwanzoni kuweka mrehani kwenye chakula, mimi niliyeujua kwenye vikuba tu, ukikaa kifuani pa bibi harusi pamoja na asumini. Sasa nimeupanda dirishani.

Na kwa wasiokula nguruwe? Nitasema ukweli: bún chả bila nguruwe si bún chả, kwa sababu ladha yake inatoka kwenye mafuta yale yakikutana na moto. Lakini usidhani kwamba kukataa nguruwe kunakutoa kwenye meza ya Vietnam. Kule Châu Đốc, kwenye delta ya Mekong, wako Waislamu wa kabila la Cham wanaopika Kivietnam kila siku bila nguruwe, na wana soseji yao ya ng'ombe, tung lò mò, inayochomwa juu ya mkaa uleule. Kwa hiyo chukua mapaja ya kuku, na ngozi yake, uyasage au uyakate vipande, tumia viungo na mchuzi wangu wa hapo juu, upate mlo wa tambi na kuku wa kuchoma ambao nao upo Vietnam kwa haki yake. Tafadhali tu usiuite bún chả mbele ya mtu wa Hanoi.

Samaki wa chunguni na supu ya ukwaju

Sasa tufike nyumbani. Mlo wa kawaida wa familia ya Kivietnam unaitwa cơm, wali, na neno hilohilo ndilo chakula chenyewe; hata salamu ya mazoea ni "Ăn cơm chưa?", umeshakula wali? Huwekwa kwenye mâm, sahani kubwa ya duara ya aluminiamu, mara nyingi chini kwenye mkeka, na watu wakaizunguka. Mâm ni sinia, basi. Tofauti ni kwamba wali hukaa kwenye vibakuli vya kila mmoja, na mboga ndizo za pamoja. Mdogo huwakaribisha wakubwa mmoja mmoja kabla ya kugusa chochote, na huko kaskazini asiyefanya hivyo huonekana hakulelewa.

Kwenye sinia hilo kuna kitu cha chumvi, kitu cha mchuzi, na majani. Kusini, jozi inayopendwa sana ni cá kho tộ na canh chua, na samaki mmoja hutosha vyote viwili: minofu iende chunguni, kichwa na mkia viende kwenye supu.

Samaki gani? Hapa ndipo nilipoamua upande wangu. Kwao hutumia wengi, wakiwemo kambare. Kambare wetu, yule mumi, alifika kule akafugwa mabwawani, nao wakampa jina: cá trê phi. Hiyo "phi" ni Afrika. Sato naye, au perege, au ngege ukiwa Kisumu, ni cá rô phi. Maana yake, mtu wa Mwanza akipika samaki hawa kwa mtindo wa Mekong anatumia samaki ambao Wavietnam wenyewe wanakiri kwa jina kwamba ni wa kwetu. Kwa chungu nachagua kambare, kwa sababu mnofu wake una mafuta na haukatiki. Sato ni mtamu lakini mgeuze kwa adabu.

Mkate vipande vinene vya vidole viwili. Kambare msugue kwa chumvi na ndimu mpaka utelezi uishe. Kwa vipande vya kilo moja kasoro robo, mlowishe kwa nước mắm vijiko vitatu, vitunguu vidogo na kitunguu saumu vilivyotwangwa, na pilipili manga ya kutosha, nusu saa. Tộ ni kibakuli cha udongo. Chungu chako cha kupikia mchuzi wa samaki kinafaa bila kubadilishwa, na kama huna, sufuria nzito ndogo. Weka vijiko viwili vya sukari na kijiko cha mafuta, moto wa wastani. Isikoroge, itikise tu. Itayeyuka, itakuwa rangi ya asali, itaelekea rangi ya kahawa. Simama hapo hapo usiangalie simu. Sekunde chache kabla ya moshi mchungu, mimina kikombe cha maji ya dafu huku umejitenga, maana itaruka. Ndiyo, dafu. Watu wa Mekong wana minazi kama Lamu na Pemba, na maji yake ndiyo wanayoyatumia kwenye kho nyingi, yaani vyakula vinavyopikwa taratibu hivi mpaka mchuzi upungue. Panga samaki, mwagia kilichobaki kwenye bakuli, tupia pilipili mbili nzima, punguza moto. Dakika thelathini hadi arobaini, ukimgeuza mara moja. Mchuzi upungue mpaka ung'ae na kushika kijiko.

Supu inapikwa chungu kikiendelea. Loweka ukwaju wa ukubwa wa yai kwenye maji ya moto, uukamue, uuchuje. Chemsha kichwa cha samaki kwenye lita moja na nusu ya maji, engua povu, tia maji ya ukwaju, vipande vya nanasi, sukari kijiko kimoja, nước mắm vijiko viwili. Baada ya dakika kumi na tano ongeza nyanya zilizokatwa robo na bamia zilizokatwa mshazari. Mwisho kabisa, konzi mbili za chipukizi za choroko. Zima moto. Juu nyunyiza kitunguu saumu kilichokaangwa kikawa dhahabu, kotmiri na pilipili mbichi. Onja: uchachu uje mbele, utamu umfuate, chumvi ishikilie nyuma. Ikipooza, kosa ni ukwaju mchache.

Ukisoma mapishi ya huko utakuta pia bua jeupe lenye matundu kama sifongo, bạc hà, ukoo wa majimbi. Usijaribu kuweka bua la jimbi la shambani kwako. Litakuwasha koo, na nawe utanilaumu. Liache tu.

Kamilisha kwa matembele. Wao huyaita rau lang, huyachemsha dakika mbili katika maji yenye chumvi, wakayachovya kwenye mchuzi uliobaki chunguni. Na wali? Mweupe, bila chumvi, bila mafuta, bila nazi. Hili ni gumu kwetu. Mara ya pili nilipopika nilishindwa kujizuia nikatia tui, na mlo mzima ukawa mzito, maana kho imekusudiwa ipambane na wali usio na lolote. Mchele wa Mbeya wenye harufu yake mwenyewe unafaa sana.

Vikiwekwa pamoja

| | Phở ya ng'ombe | Bún chả | Cá kho tộ na canh chua |
|---|---|---|---|
| Muda | Saa 7 hadi 9, nyingi za kungoja | Saa 2 pamoja na kulowesha | Saa 1 na nusu |
| Moto | Mdogo, wa kutwa | Mkaa, hakuna njia nyingine | Jiko lolote lenye plati mbili |
| Cha kutafuta mbali | Nước mắm, tambi bapa, nyota ya hồi, iliki nyeusi | Nước mắm, tambi nyembamba | Nước mắm |
| Panapoharibika | Viungo kuzidi, mchuzi kuchafuka | Nyama kukauka | Sukari kuungua |
| Watu | 6 hadi 8 | 4 | 4 |

Mstari wa tatu ndio wa kutazama. Kwa mlo wa wali unanunua chupa moja. Vingine vyote viko gengeni, na vingi ulivipita jana bila kujua kwamba ni vya Kivietnam. Phở inakudai vitu vinne kutoka mbali, na ukikosa kimoja unaanza kubuni, ukibuni unarudi kwenye pilau.

Hata hivyo siwezi kumlazimisha kila mtu awe na samaki. Kama unapika kwa ajili ya marafiki wanaosimama na vinywaji uani, na nguruwe si tatizo, choma bún chả. Watu watajihudumia na wewe utabaki kwenye mkaa ukisifiwa. Kama una mgonjwa nyumbani au mvua ya masika imekufungia ndani, na una Jumapili nzima, pika phở, igandishe nusu. Anayeogopa jiko kabisa aanze na gỏi cuốn, ile mikunjo ya karatasi za mchele yenye kamba na majani, ambayo karibu haipikwi. Kazi yote ni kukunja, na watoto huifurahia. Bánh mì, mkate wa Kifaransa uliogeuzwa Kivietnam, mimi sioni sababu ya kuuoka nyumbani wakati hata kule hununuliwa dirishani kwa muuzaji.

Na cơm tấm? Huu nautaja kwa upendeleo tu. Ni wali wa chenga, zile punje zilizovunjika ambazo kwetu huuzwa bei ya chini na watu huzificha wageni wakija. Saigon chenga zilikuwa chakula cha maskini, leo ni fahari ya mji, zikiliwa na nyama ya mbavu iliyochomwa na mafuta ya majani ya vitunguu. Ukishaizoea nước mắm, jaribu hiyo kwa kuku wa kuchoma.

Ukichagua samaki, pika kipande kimoja zaidi ya watu waliopo. Kifunike ndani ya chungu chake kikipoa, ukiweke kwenye friji. Kesho asubuhi mchuzi utakuwa umeganda kama jeli. Upashe na kiporo cha wali, uongeze pilipili manga, ule kabla wengine hawajaamka.